Nchi ya Corcomroe na Mipaka Yake

Katika kabati la ofisi ya parokia yetu, chini ya vitabu vya ubatizo vya miaka ya zamani, iko ramani moja ya Ayalandi, kubwa, iliyokunjwa hata mikunjo yake imeanza kukatika. Wasomaji wa Jimbo la Mbulu hawatashangaa. Mbulu ilipofanywa jimbo mwaka 1953, askofu wake wa kwanza, Patrick Winters, alikuwa Mwayalandi, na wengi wa mapadre wa Shirika la Wapallotti waliofanya kazi huku walitoka kwao. Yawezekana mmoja wao aliileta ili apate kutazama kwao jioni, kazi zikiisha. Mimi ni karani tu, lakini nilisomea ualimu, na chuoni somo lililonishika lilikuwa jiografia. Ramani ikiwa mezani siwezi kuipita.

Ramani hiyo ni ya wilaya ya Clare, upande wa magharibi, kunakopigwa na mawimbi ya Bahari ya Atlantiki. Wilaya imegawanywa katika tarafa. Pembe ya kaskazini ni tarafa ya Burren. Kusini-magharibi yake, penye magenge marefu ya Moher, ni tarafa ya Corcomroe. Mpaka hapo hakuna shida. Lakini tazama ndani ya Burren, karibu kabisa na mpaka wa wilaya ya Galway: pana alama ya magofu, na jina lake ni Abasia ya Corcomroe. Basi, abasia ya Corcomroe yafanya nini katika tarafa ya wengine? Mtu angesema mchoraji ameteleza kalamu. Hakuteleza. Abasia imekaa pale pale tangu mwisho wa karne ya 12. Kilichosogea ni jina la nchi.

Habari yenyewe ni hii. Hapo kale Ayalandi ilikuwa ya nchi ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake na wazee wake wa sheria. Nchi ya namna hiyo waliiita tuath. Nchi iliyokuwa kubwa zaidi, yenye tuath kadhaa ndani yake, waliiita tricha cet, jina ambalo maana yake ni "mia thelathini". Wairaqw wenzangu watafahamu upesi, maana sisi nasi tuna neno letu, aya, na twajua kwamba aya si udongo tu: ni watu, na mvua yao, na mahali wanapokoma.

Moja ya nchi hizo za Ayalandi ilikuwa ya watu walioitwa Corcu Modruad. Neno la kwanza maana yake ni uzao. La pili ni jina la babu yao, ambaye hadithi husema alikuwa mwana wa malkia Medb wa Connacht na shujaa Fergus mac Róich. Hizo ni hadithi, nami sizichukui kuwa historia. Lakini watu wenyewe walikuwako kweli, kwa maana vitabu vya kumbukumbu za miaka vilivyoandikwa na watawa vyawataja tangu karne ya 8. Waingereza walipokuja kuliandika jina lao kwa masikio ya Kiingereza, likawa Corcomroe.

Nchi yao ilikuwa tarafa zote mbili pamoja, Burren na hiyo inayoitwa Corcomroe siku hizi. Kaskazini ilikoma kwenye ghuba ya Galway. Magharibi ilikoma baharini. Kusini ilizunguka ghuba ya Liscannor na kuchukua ardhi kidogo ng'ambo yake, hata kukutana na watu wa Ibrickane. Kusini-mashariki ilipakana na Inchiquin. Mashariki, pale milima ya mawe ya Burren inaposhuka, ndipo ilipoanza nchi ya Uí Fiachrach Aidhne, ambayo leo iko katika wilaya ya Galway. Pande mbili zilifungwa na maji, na mpaka wa maji hauna ugomvi mwingi. Maneno yalikuwa pande za nchi kavu.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze habari za Burren, kwa sababu ni ardhi ya ajabu. Jina lake maana yake ni mahali pa mawe. Vilima vizima ni mwamba wa mawe ya chokaa, umelala wazi kama sakafu, nao umepasuka nyufa ndefu, na ndani ya nyufa humea majani na maua. Mvua ikinyesha maji huzama chini mara moja. Mwaka 1651 afisa mmoja wa jeshi la Cromwell, Edmund Ludlow, alipita huko akaandika kwa kulalamika kwamba nchi haina maji ya kutosha, wala miti, wala udongo. Lakini Ludlow alikuwa mpita njia. Wenyeji walijua jambo asilolijua yeye: mwamba ule huhifadhi joto, na majani yake ya milimani ni mazuri kwa ng'ombe wakati wa baridi. Kwa hiyo watu wa Burren hupeleka ng'ombe milimani majira ya baridi, na kuwashusha majira ya joto, kinyume cha wafugaji wengi wa Ulaya. Mfugaji wa kwetu akisikia hivyo atauliza, "Na maji ya kunywa wanyama?" Hilo ndilo jibu: wakati wa baridi mvua ni nyingi na milima haikauki, wakati wa joto huko juu hakuna kitu cha kunywa.

Katika nchi ya mawe kuta za mawe hazikosekani. Na penye ukuta pana jirani, na penye jirani pana kesi. Waayalandi wa kale walikuwa na sheria maalumu juu ya ujirani, iliyoandikwa karne ya 8 hivi. Ilitaja namna nne za ua: handaki, ukuta wa mawe, ua wa mialoni, na ua wa nguzo zilizosukwa kwa fito. Majirani waliwekeana dhamana mapema, kabla ng'ombe wa mtu hajavuka, ili siku akivuka fidia iwe imekwisha kujulikana. Naona hiyo ni busara kubwa kuliko ya mabaraza mengi niliyopata kuhudhuria. Tena, katika karne ya 16, ukoo wa Ó Duibhdábhoireann ulikuwa na chuo cha sheria huko huko Burren, mahali paitwapo Cahermacnaghten, na kitabu walichonakili sheria hizo miaka ya 1560 kimehifadhiwa London hata leo. Nchi iliyodharauliwa na Ludlow ilikuwa na wanasheria wake.

Sasa turudi kwenye mipaka. Watemi wa Corcu Modruad walitoka katika ukoo mmoja, lakini ukoo ukatoa matawi mawili. Tawi moja likaitwa Ó Lochlainn, jingine Ó Conchubhair. Baada ya muda wakagawana: Ó Lochlainn akachukua upande wa mawe, kaskazini na mashariki, Ó Conchubhair akachukua upande wa magharibi. Upande wa Ó Lochlainn ukazoea kuitwa Burren kwa sababu ya mawe yake. Upande wa Ó Conchubhair ukabaki na jina la wote. Ndivyo jina la nchi nzima lilivyokuja kukalia nusu yake, na ndiyo sababu abasia yaonekana kama mgeni nyumbani kwake. Ilipojengwa, hapo palikuwa Corcomroe kama vile kwingine. Hata vita iliyopiganwa karibu nayo mwaka 1317, baina ya matawi mawili ya ukoo wa Ó Briain, huitwa vita ya Corcomroe.

Ukoo huo wa Ó Briain ndio uliokuwa na nguvu kupita wote katika nchi zile. Walikuwa wafalme wa Thomond, na Corcomroe ilikuwa chini yao. Lakini kuwa chini si kukubali. Mwaka 1268 mfalme Conchobar Ó Briain aliuawa Burren na watu wa Ó Lochlainn. Alizikwa katika abasia hiyo hiyo, na sanamu yake ya mawe, amelala na taji lake, ingali pale ukutani. Watawa wa Sista walikuwa wameipa abasia yao jina la Kilatini lenye maana ya Bikira Maria wa Mwamba Wenye Rutuba. Nafikiri aliyelichagua jina hilo alikuwa amekwisha kuona ng'ombe wa majira ya baridi.

Jambo lililonifanya nichukue kalamu, hata hivyo, halimo katika vita. Limo katika habari za jimbo la kanisa.

Mwaka 1111 maaskofu na wakuu wa Ayalandi walikutana katika Sinodi ya Ráth Breasail ili wagawanye nchi katika majimbo. Kabla ya hapo kanisa lao lilishika sana desturi za monasteri, na mipaka ya maaskofu haikuwa wazi. Mfalme Muirchertach Ó Briain alikuwako, naye alikuwa na jimbo lililo jirani na moyo wake, yaani Killaloe. Katika orodha ya majimbo iliyotolewa, Corcomroe haikupata lake. Ilimezwa na Killaloe. Kwenye karatasi mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini mwaka 1152, katika Sinodi ya Kells, mbele ya Kardinali Paparo aliyetumwa na Papa, jimbo la Kilfenora likaandikwa katika orodha, dogo, maskini, na mipaka yake ilikuwa ile ile ya Corcu Modruad. Mji wake ni Kilfenora, penye kanisa la Mtakatifu Fachtna na misalaba mirefu ya mawe iliyochongwa. Majirani zao wa mashariki nao walifanya vivyo hivyo: jimbo la Kilmacduagh lilifuata mipaka ya Uí Fiachrach Aidhne.

Fikiri jambo hilo. Miaka 41 walikaa ndani ya jimbo la watu wenye nguvu, wakatoka na mpaka wao mkononi. Na tangu hapo, kila walichokuwa nacho kilianguka isipokuwa huo. Mwishoni mwa karne ya 16 ngome za Ó Conchubhair zilikwisha kuingia mikononi mwa tawi la Ó Briain. Katika karne ya 17, baada ya vita vya Cromwell, wenye mashamba Wakatoliki kutoka sehemu nyingine za Ayalandi walihamishiwa Clare na Connacht kwa nguvu, na ardhi ya wenyeji ikagawanywa upya. Wilaya yenyewe ya Clare ilitupwa huku na huku: karne ya 16 iliwekwa chini ya mkoa wa Connacht, karne ya 17 ikarudishwa Munster.

Na jimbo la Kilfenora? Wakatoliki wake walikuwa wachache na maskini mno kuweza kumtunza askofu, basi mwaka 1750 likaunganishwa na Kilmacduagh. Lakini namna ya kuunganisha ilikuwa na adabu. Kilfenora ilikuwa chini ya askofu mkuu wa Cashel, Kilmacduagh chini ya yule wa Tuam, na hakuna aliyetaka kufuta mstari. Kwa hiyo ikaamriwa wapokezane: huyu akiwa askofu wa Kilmacduagh, awe msimamizi wa Kilfenora, atakayemfuata awe askofu wa Kilfenora na msimamizi wa Kilmacduagh. Mwaka 1883 jimbo likakabidhiwa kwa askofu wa Galway, naye pia kwa cheo cha msimamizi. Waanglikana, kwa upande wao, waliliunganisha na Killaloe mwaka 1752. Basi jimbo moja likavutwa njia mbili, Wakatoliki kaskazini, Waanglikana mashariki, na katika mvutano huo wote mpaka wenyewe haukusogezwa.

Kwa nini? Mimi nina jibu langu la kikarani. Ngome ikitekwa bendera hubadilishwa asubuhi hiyo hiyo. Lakini mpaka wa parokia umeshikwa na mambo madogo mengi: nani anatoa zaka yake wapi, tangazo la ndoa lasomwa kanisa gani, mtoto aandikwe kitabu kipi, maiti apelekwe makaburi yapi. Mambo hayo hakuna mfalme anayeyataka, kwa hiyo hakuna anayeyanyang'anya.

Ushahidi wa hayo ulipatikana karne ya 19. Kuanzia mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilipima Ayalandi yote, kwa ramani ya inchi 6 kwa kila maili 1, mpaka mwaka 1846. Ilihitajika kujua mpaka wa kila kitongoji, na vitongoji vya Ayalandi ni zaidi ya 60,000. Wapimaji walikuwa na minyororo na darubini, lakini mpaka hauonekani kwa darubini. Ikabidi waajiri wenyeji, mtu mmoja au wawili kila mahali, wanaojua mistari. Mtu huyo alitangulia kwa miguu, akisema hapa kijito, hapa mwiba mkubwa, hapa jiwe, na nyuma yake wakafuata wataalamu wakiandika. Wengi wa watu hao majina yao hayasomwi na mtu, lakini ramani ile niliyo nayo kabatini imetoka miguuni mwao.

Kwa habari za majina walipelekwa wasomi wa lugha ya Kiayalandi. Mwaka 1839 John O'Donovan na Eugene O'Curry, huyu wa pili mzaliwa wa Clare, walipita wilaya hiyo parokia kwa parokia, wakiuliza wazee na kulinganisha na vitabu vya kale. O'Donovan ndiye aliyeonyesha wazi kwamba Corcomroe ya kale ilikuwa tarafa zote mbili, na kipimo chake kilikuwa jimbo la Kilfenora. Alitazama mpaka wa kanisa, akasoma ndani yake nchi ya watemi. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1898, tarafa za Ayalandi ziliondolewa kazi zake za utawala, na majina yake yakabaki kwenye ramani na hati za ardhi.

Nimeyasoma haya kwa makini kuliko ilivyo lazima, na msomaji anastahili kujua sababu. Parokia yetu inatazamiwa kugawanywa. Vigango vinne vya ng'ambo ya korongo vitakuwa parokia mpya, jambo jema, kwa kuwa wagonjwa wa kule wamesubiri sana padre kwa ajili ya mto unaojaa. Paroko ameniagiza niandike maelezo ya mpaka. Njia rahisi ni kufuata barabara: mtu yeyote aiona, na gari hupita. Lakini barabara yakata kitongoji kimoja katikati, nacho ni kile chenye jina la zamani ambalo parokia yetu nzima huitwa kwalo. Nusu itabaki huku na jina. Nusu itakwenda parokia mpya, itakayoitwa kwa jina la sokoni.

Bibi mmoja wa kigango cha juu alinijia ofisini. Hakuketi.

"Mwalimu," akasema, "nasikia utatuandika upande ule."

"Bibi, bado sijaandika. Tunapeleleza kwanza."

"Mume wangu amelala upande huu. Nami siku yangu nitaandikwa kitabu kipi?"

Nilimweleza kwamba makaburi hayafungwi na mpaka, na kwamba Paroko hawezi kumzuia mtu kuzikwa karibu na mumewe. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema hakuuliza habari ya kuzikwa, ameuliza habari ya kuandikwa. Nikakosa neno. Alikuwa na haki ya kutofautisha.

Wako wanaosema kwamba majina ni majina tu, na kwamba watu wakipata padre karibu hawatajali kitongoji kinaitwaje. Mimi siafiki. Watu wa Burren walipata jina zuri, tena la kweli, lakini leo mtu hulazimika kueleza kwa maneno mengi kwamba abasia ya Corcomroe haikupotea njia. Kama wagawaji wangeandika tu "Corcomroe ya mashariki" na "Corcomroe ya magharibi", kila mtoto wa shule angefahamu kwa kusoma mara moja.

Nimempelekea Paroko maneno mawili. La kwanza, mpaka usifuate barabara, ufuate kijito kilicho juu yake, ambacho wazee wa pande zote mbili wanakikubali, ili kitongoji kibaki kizima, upande wowote kitakaokwenda. La pili, katika vitabu vya ubatizo vya parokia mpya iongezwe safu moja, na humo liandikwe jina la zamani la kitongoji cha mzazi. La pili amelikubali pale pale. La kwanza amesema atalipeleka kwa Askofu, lakini lazima kwanza mstari upitiwe kwa miguu na kuandikwa, kwa sababu kijito chagawanyika mara mbili karibu na msitu, na hakuna aliye hakika ni mkono upi.

Tutakwenda Jumamosi, mimi na katekista wa kule na wazee watatu. Yule bibi ametuma neno kwamba atakuja pia, maana mkono wa kijito alioteka maji tangu kuolewa kwake anaujua yeye.